Kuosha Boti ya Idrisa

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, 3 Machi 2024

Shangazi yangu mpenzi Shamsa,

Shikamoo. Barua hii namkabidhi Sadalla, konda wa basi la Kilwa, kesho alfajiri pale Mbagala. Tangu masikio yako yakatae simu, na ujumbe wa maandishi ukawa unasomewa na watoto wa jirani, naona njia hii ndiyo yenye heshima zaidi, hata kama ni ya polepole.

Huku tupo. Mama anasumbuliwa na magoti na anakusalimu sana. Binti yangu Sophia ameanza kidato cha kwanza. Sketi ya shule ilikuwa ndefu mno, tumeikunja pindo mara mbili na bado inafagia. Mimi naendelea na kazi dukani kwa Nilesh, Mtaa wa Narung'ombe, kuuza sabuni na mafagio.

Sasa habari ya boti. Imefika. Kama nilivyokueleza mara ya kwanza, wavuvi wa Pangani waliiona baharini, wakaivuta hadi ufukweni na kupiga namba yangu iliyoandikwa ubavuni chini ya ile ya Idrisa. Nilipofika na lori niliikuta juu ya mchanga, waliokuwepo hawakuwa wale walioivuta, nikaipakia nikarudi nayo. Haina tundu wala ufa. Mashine ipo lakini imekufa. Mizigo haipo. Tangu ndugu yangu Idrisa aondoke mwezi wa kwanza na viatu vya mitumba vya Mchikichini na mabeseni ya kupeleka kisiwani Kwale, hatujapata hata mtu mmoja aliyemwona.

Nimeiweka Gerezani, katika yadi ya Abbasi, juu ya matairi mabovu, katikati ya mafundi wa kuchomelea mageti. Imeota ukoga na vile vikombe vidogo vigumu vya baharini, na vyote vimeanza kuoza. Jana Abbasi alinishika bega. "Ndugu yangu, vijana wangu wanakula ubwabwa huku wameziba pua. Pole kwa msiba, lakini ioshe au iondoe." Nilimjibu kuwa hakuna msiba. 

Shangazi, kuna jambo lingine ambalo nimelizungusha. Sheikh wa msikiti wetu aliniita baada ya swala ya Ijumaa. Amesema ndoa haivunjwi kwa dhana, lakini familia ikiwa na dalili za kuiridhisha kwamba mtu wake amefariki, anaswaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na mke anakaa eda. Mkewe Hajira naye aliniuliza juzi, amesimama mlangoni na ndoo mkononi: "Shemeji, mimi ni mke au ni mjane?"  Wazee wa huku wamekataa kusoma chochote mpaka wewe mama yake, ambaye Mungu alikupa huyo mmoja tu, uridhie mwenyewe.

Tunangoja neno lako.

Mwanao,
Hashimu


Kilwa Masoko
Alhamisi, 14 Machi 2024

Mwanangu Hashimu,

Marahaba, na Ramadhani njema kwenu nyote. Sadalla amenifikishia barua akiwa ameikunja kama sambusa, mwambie siku nyingine aiweke bapa.

Hapa joto. Futari ni muhogo na mbaazi, samaki wamekuwa wa kuhesabu. Mbuzi wa jirani amekula nusu ya kanga yangu ikiwa kwenye kamba, na mwenye mbuzi ananiambia eti kanga ilikuwa imening'inia chini mno. Juzi tumemzika yule bibi wa nyumba ya kisimani. Nimemwosha mimi, kama kawaida yangu kwa wanawake wa mtaa huu. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Nimeisoma habari yako ya boti mara nyingi. Umeandika kwa mkono wako: haina tundu wala ufa. Boti nzima haimwui mtu, Hashimu. Imemponyoka. Labda alishuka kuvua kitu kilichonasa kwenye mashine, maji yakamtenga nayo. Meli zinaingia bandarini Dar na kutoka mchana na usiku. Iliyomwokota huenda inakwenda China, huenda hawajui lugha yake. Watu wamerudi baada ya mwaka mzima. Wewe mwenyewe unawajua.

Kwa hiyo usiniandikie tena hilo neno la mwisho alilokuuliza Hajira. Hajira ni mke wa mtu aliye safarini. Avae nguo zake nzuri, ajifukize udi, na Iddi ikifika apake hina mpaka kwenye viwiko. Mke akijiachia, ni kama kumwambia mumewe asirudi. Mwambie hivyo, mwambie ni amri yangu.

Na boti ioshe. Abbasi ana haki, lakini usiioshe kwa ajili ya Abbasi. Idrisa anapenda chombo safi tangu mdogo, alikuwa akisugua hata mtumbwi wa watu. Akirudi asiikute inanuka. Usipitishe brashi ya waya, itakwangua ile ngozi yake ya juu inayong'aa. Wala dawa za chooni. Tafuta sabuni laini.

Ukishaiosha nieleze ulivyoiosha, usifupishe. Wewe tangu shule ulikuwa ukiandika kila siku mpaka mchuzi uliokula, basi leo nifaidike.

Shangazi yako,
Shamsa


Kariakoo, Dar es Salaam
Alhamisi, 28 Machi 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na poleni na swaumu. Nimemfikishia Sadalla ujumbe wa sambusa. Amesema nikuambie kuwa barua bapa hukaliwa na abiria.

Mama ameanza kutembea na fimbo. Sophia amekuwa wa nne darasani. Mvua zimeanza kunyesha jioni, na maji ya Mtaa wa Narung'ombe yanaingia dukani kabla ya wateja.

Nimeiosha boti, na umesema nisifupishe.

Nilichagua ile sabuni ya maji ya kila kazi, ya kijani, ya bei ya chini kuliko zote tulizonazo, tunayowauzia mama lishe na wanaosafisha ofisi za Posta. Haina makali. Nilipomwambia Nilesh nataka kuifanyia nini, alilichukua dumu akasoma karatasi yake kwa sauti.

"Sakafu. Vigae. Sinki. Jiko. Ukuta wa rangi ya mafuta. Hashimu, boti sijaiona hapa."

"Bosi, imeandikwa kila kazi."

"Kila kazi ya nyumbani. Nyumbani kwako una boti?"

"Ninayo ya ndugu yangu."

Hapo alilirudisha dumu mezani taratibu. Kisha akasema, "Boti ya faiba ni beseni kubwa la plastiki tu. Mama yangu anasugua mabeseni kwa hii tangu mimi sijaoa. Ila jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Usije ukaniletea boti yenye madoa, ukadai nibadilishe."

Nilijaribu chini ya ukingo wa nyuma. Rangi haikubadilika, nikaendelea. Nilichanganya sabuni na maji kwenye ndoo, nzito kidogo kwa mara ya kwanza na nyepesi kwa zilizofuata. Nilipaka kwa sponji, nikaiacha inywe uchafu lakini bila kuiacha ikauke juani, maana ikikauka inaacha michirizi. Halafu brashi ya plastiki ya kufulia, halafu maji. Penye vikombe vigumu nilitumia ncha ya ubao laini nikavibandua kimoja kimoja.

Nilianza ubavu wa kulia, kuanzia mbele kwenda nyuma. Nilipoumaliza nikahamia kushoto. Nikarudia hivyo mara tatu. Kijana mmoja wa Abbasi aliniuliza kama namwandaa bibi harusi, wenzake wakacheka, lakini Abbasi akawakemea, na tangu hapo hakuna aliyenisemesha. Kuna aliyezima hata mashine yake ya kuchomelea.

Nje robo ya dumu ilitosha. Ndani nilimaliza iliyobaki, na siku ya pili nikarudi na dumu jingine kwa ajili ya viti na zile kuta za ndani.

Sasa ni safi. Namba zinasomeka. Ule mstari wa bluu alioupaka mwenyewe umetokea. Harufu imekwisha, inanuka kama ofisi.

Maagizo yako kwa Hajira nimemfikishia kama yalivyo. Alisema, "Nimesikia."

Mwanao,
Hashimu


Kilwa Masoko
Jumatano, 17 Aprili 2024

Mwanangu Hashimu,

Marahaba. Iddi imepita, tumekula, tumeshukuru. Sina habari nyingi.

Nakuuliza mambo matatu. Kwa nini ndani kulikula sabuni kuliko nje? Ule ubao wa kubandulia vikombe, ulipita wapi zaidi? Na yale maji ya mwisho kabisa, mara ya tatu, uliyatia kitu?

Nijibu hayo.

Shamsa


Kariakoo, Dar es Salaam
Ijumaa, 26 Aprili 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya Muungano, duka limefungwa, nimepata nafasi ya kukaa. Mvua hazielezeki. Jangwani maji yamefunga barabara, na watu wa Mchikichini wanaanika viatu juu ya mapaa kama samaki. Sadalla anasema huko njiani kwenu kuna mahali lami imeanza kumeguka, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini.

Mama hajambo. Sophia ana kikohozi.

Yale maji ya mwisho sikutia kitu. Yalikuwa maji matupu.

Kuna habari ya Hajira ambayo nimeona ni haki uijue. Siku ya Iddi alifanya kama ulivyoagiza. Alivaa gauni lile jekundu, akajifukiza, akapaka hina mpaka viwikoni. Alikwenda bombani kuchota maji, kwa sababu maji yanatoka kwa zamu na zamu haijali sikukuu. Wanawake walikuwapo. Mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Mwenzetu mumewe yuko kwa samaki, yeye yuko harusini." Mwingine akasema, "Mwacheni, labda kishapata nahodha mwingine." Wakacheka.

 Hajira alijaza ndoo yake, akarudi. Mama alimkuta baadaye uani, amelichukua lile dumu la pili, lililokuwa na sabuni kidogo, anajisugua mikono kwa brashi niliyooshea boti. Mama akamwambia, "Mwanangu, hina haitoki kwa sabuni." Akasema, "Najua, mama." Akaendelea. Hina haikutoka, ngozi ilitoka. Mama alimpaka mafuta ya nazi akamfunga vitambaa, na kwa siku kadhaa alikuwa analishwa.

Hajalalamika. Hajasema lolote dhidi yako. Ameniomba nisikuandikie, nami nimeandika.

Boti ipo vilevile. Nimeifunika turubai.

Mwanao,
Hashimu


Kilwa Masoko
Jumapili, 2 Juni 2024

Mwanangu Hashimu,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Barabara ilikatika kule Somanga, mabasi yakalala, na Sadalla anasema aliibeba kifuani siku alipovuka kwa miguu. Nimemlisha wali akalala hapa barazani mpaka alasiri. Mvunjie heshima tena huyo kijana kwa habari ya sambusa, utanikuta.

Umejibu swali moja ukaacha mawili. Sikukasirika. Uliyoyaacha nimeyasoma.

Mimi ni mtoto wa watu wa vyombo, Hashimu, na ukoga haukai pakavu. Unakaa palipozama. Boti ikielea kama inavyotakiwa, kazi ya kubandua iko nje, tumboni, na viti unavipitishia kitambaa tu. Wewe nje umemaliza kwa robo dumu, ndani umerudi siku ya pili. Maana yake viti vya mwanangu vilikuwa majini na tumbo lilikuwa juani. Boti ilikuwa imepinduka kabla wavuvi hawajaigeuza, na imekaa hivyo wiki nyingi, mpaka vikombe vikaota alipokuwa akikaa. Haikumponyoka akiwa ameshuka kufanya jambo. Ilimwangukia na mizigo yake.

Uliliona hilo siku ileile, ukiwa na ubao mkononi. Hukuniandikia uongo, uliniandikia sabuni.

Na la pili. Mtu anayeosha chombo huanzia penye uchafu, au penye kivuli. Wewe umeanza kulia ukakumaliza, ukaenda kushoto, ukarudia mara tatu. Nimeosha maiti miaka yote hii, mikono yangu inaujua huo mwendo hata gizani. Ndiyo maana nilikuuliza maji ya mwisho uliyatia kitu. Nilitaka kujua kama ulitia kafuri, kama tunavyomtilia maiti. Sijui ningefanya nini ungesema ndiyo. Nafikiri hukujua ulichokuwa unafanya mpaka ulipofika mara ya tatu, na nafikiri wale vijana wa Abbasi walijua kabla yako.

Kama angepatikana, wewe ndiye ungemwosha. Basi haki yako umeipata kwa namna hiyo. Mimi sijaipata kwa namna yoyote.

Nimeyajua haya tangu barua yako ya mwisho wa Machi. Niliisoma usiku wa ishirini na saba Ramadhani, nikaikunja, nikaendelea kupika uji. Nilisema labda nimekosea, acha nimwulize. Nilikuuliza nikijua. Na kabla sijaandika kukuuliza Iddi ikafika, na msichana wa watu akapaka hina kwa amri yangu, akaenda bombani.

Leo asubuhi nilikwenda kwa sheikh wa hapa. Kwa kuwa sisikii vizuri, alikuwa akiniandikia kwenye karatasi. Aliandika: mama umeridhika? Nikamwambia sikuja kwa kuwa nimeridhika, nimekuja kwa kuwa ninajua. Akaandika: inatosha. Ijumaa ijayo Idrisa ataswaliwa hapa, na nyinyi mfanye hukohuko siku hiyohiyo. Waambie wazee kuwa nimesema mimi, Shamsa, mama wa marehemu Idrisa. Nimeliandika. 

Hajira asivue kitu mpaka nifike. Si hereni, si nguo. Nitapanda basi baada ya kumswalia, nishuke Mbagala, nawe unipokee peke yako, usije na kundi. Nilimwambia avae, acha niwe mimi wa kumvua. Nitakaa naye chumbani eda yote. Najua kukaa na wanawake wasiosema.

Shangazi yako,
Shamsa


Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, 3 Novemba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mbuzi hakuwa amemaliza kanga zote. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Mama anaendelea kuweka kikombe chako cha chai kila asubuhi, halafu anakinywa mwenyewe na kusema daktari amemruhusu viwili.

Sophia anasema nikuandikie kuwa sasa sketi inamtosha.

Boti imepata mnunuzi, mtu wa Kigamboni, ameichukua jana kwa lori. Aliikagua kote, akapitisha kiganja tumboni akaniuliza, "Hii mmeitunza kwa dawa gani?" Nikamwambia sabuni ya jikoni. Alidhani namtania. Nilimwomba afute namba ya Idrisa yeye mwenyewe, akaniambia atafanya. Abbasi na vijana wake walisaidia kuipakia. Ilipotoka getini walisimama mpaka lori lilipokata kona ya Msimbazi. Mahali ilipokuwa sasa wamepanga mageti, nami bado nazunguka pale kana kwamba ipo.

Hajira amemaliza eda, kama ujuavyo. Ngozi ya mikono imerudi, imebaki laini kidogo na nyekundu kwenye vifundo. Anafanya kazi ya kushona foronya nyumbani na Mama. Kaka yake anataka arudi kwao Tanga mwezi wa kwanza, na nasikia kuna mtu huko, mgane mwenye watoto wawili, ameulizia habari zake. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana.

Jana usiku, baada ya boti kuondoka, alikuja akakaa karibu na Mama. Kisha akaniomba nikuulize jambo ambalo yeye ameshindwa kukuuliza kwa miezi yote mliyolala chumba kimoja. Anasema yeye alikujia kwa njia ya Idrisa, na hakumzalia mtoto. Anauliza, akienda kwao, na ikitokea akaolewa, je, atakuwa na haki ya kuendelea kukuita mama, au aanze kukuita Bi Shamsa kama watu wengine.

Nimeandika kwa maneno yake mwenyewe.

Mwanao,
Hashimu


Kilwa Masoko
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mwanangu Hashimu,

Marahaba. Nimefika salama. Mvua za vuli bado, tumeshaandaa mashamba na tunatazama juu.

Barua nimeisoma. Kuhusu boti umefanya vizuri.

Mwambie Hajira aende kwao, akapumzike na watu wake. Huyo mtu akiwa mwema, amkubali. Asikae kwa ajili yangu wala kwa ajili ya kaburi ambalo hatunalo. Akiolewa nitakwenda Tanga kwenye harusi, na hina nitampaka mimi.

Na aendelee kuniita mama. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo.

Shamsa